Sinn Féin: Ukisikia "sisi wenyewe", uliza sisi ni kina nani

Neno "sisi" ni fupi, ni tamu, na halitozwi ushuru. Mwanasiasa yeyote anaweza kulitumia bure, asubuhi mpaka jioni, na hakuna atakayemwomba risiti. Kule Ireland kuna chama kilichochukua neno hilo kikalifanya jina lake. Miaka 120 baadaye watu bado wanagombania ni nani hasa aliye ndani ya hilo "sisi".

Chama chenyewe ni Sinn Féin. Usihangaike na herufi. Tamka "shin fein" na utakuwa umekaribia. Leo hii kina Waziri wa Kwanza kule Belfast, Michelle O'Neill, aliyeingia ofisini Februari 2024. Kule Dublin, ambako ni nchi nyingine kabisa, kiko kwenye upinzani na ni kikubwa. Yaani chama kimoja kinafanya siasa pande zote mbili za mpaka.

Mimi chuo niliachia njiani, kwa hivyo hapa sijatumwa na profesa yeyote. Lakini hii story ya jina naipenda, na nina maoni yangu juu yake. Maoni yenyewe ni haya: hili ni jina zuri lenye shimo katikati. Linasema "sisi", halisemi sisi ni nani. Na kila aliyelishika alilijaza hilo shimo na watu wake.

Tuanze na maana, kwa sababu hapo ndipo watu huchanganyikiwa. "Sinn" ni sisi. "Féin" ni wenyewe. Basi. Lakini kwa miaka mingi wasemaji wa Kiingereza walizoea kulitafsiri kama "sisi peke yetu", na hiyo si maana yake. Ukitaka "peke yetu" kwa Kiairishi inabidi uongeze neno la tatu, "amháin". Ni kweli kulikuwa na wanaharakati waliopenda kaulimbiu hiyo ndefu. Lakini chama hakikuchukua neno la tatu.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna bahati hapa, kwa sababu tofauti tunaisikia papo hapo. Mama akisema "chakula tumepika wenyewe", hajakufukuza mezani. Anajivunia mikono yake tu, na pengine anakutafutia sahani. Akisema "tunakula peke yetu", wewe vaa ndula zako uende. "Wenyewe" inazungumzia kazi, "peke yetu" inafunga mlango. Wapinzani wa chama waliona faida kubwa katika tafsiri ya pili, maana chama kinachofunga mlango ni rahisi kuogopwa. Lakini tusiwalaumu wapinzani peke yao. Kuna watu ndani ya chama ambao pia walifunga mlango, na tutawafikia.

Jina hilo halikuzaliwa na chama. Lilikuwa mtaani kabla. Mwaka wa 1893 kulianzishwa Conradh na Gaeilge, jumuiya ya kufufua lugha ya Kiairishi, ambayo Kiingereza kilikuwa kimeisukuma mpaka pembeni mwa nchi. Watu walikuwa wanatoka kazini jioni wanaenda kukaa darasani kujifunza lugha ya babu zao. Katika mazingira hayo maneno "sinn féin" yalikuwa kama salamu ya kujitegemea: tusome wenyewe, tununue vyetu, tujijenge. Anayepewa sifa ya kupendekeza kwamba sera mpya ya kisiasa iitwe jina hilo ni Máire Butler, mwandishi na mwanaharakati wa lugha. Cha kuchekesha ni kwamba huyu dada alikuwa na undugu na Edward Carson, mwanasheria ambaye baadaye aliongoza wale waliotaka Ireland ibaki chini ya Uingereza. Ukoo mmoja, "sisi" mbili tofauti kabisa.

Mwenye sera alikuwa Arthur Griffith. Huyu alizaliwa Dublin mwaka wa 1871, akafanya kazi ya uchapishaji, akaenda Afrika Kusini kwa muda mwishoni mwa miaka ya 1890, akarudi na kuanza kuhariri gazeti la United Irishman mwaka wa 1899. Hakuwa na pesa wala bunduki. Alikuwa na kalamu, na aliitumia bila huruma.

Mwaka wa 1904 Griffith alichapisha makala mfululizo, kisha kijitabu, kuhusu Hungaria. Ndiyo, Hungaria. Hoja yake ilikuwa hivi: Wahungaria walikataa kwenda kukaa katika bunge la Vienna, wakang'ang'ana nyumbani, na mwaka wa 1867 Austria ikakubali wawe na serikali yao huku wakishiriki mfalme mmoja. Basi na wabunge wa Ireland waache kupanda meli kwenda London kuomba. Wabaki Dublin, waunde bunge lao, wajenge viwanda vyao. Mfalme anaweza kubaki.

Umesoma vizuri. Mfalme abaki. Chama ambacho leo kila mtu anakijua kwa kutaka jamhuri kilianza na mpango wa kugawana mfalme na Uingereza. Griffith mwenyewe hakuwa shabiki wa ufalme. Alipiga hesabu kwamba huo ndio mpango ambao watu wengi wangeweza kuukubali.

Tarehe 28 Novemba 1905 mpango huo uliwekwa mbele ya mkutano ulioitishwa Dublin, na hiyo ndiyo tarehe ambayo chama huihesabu kuwa siku yake ya kuzaliwa. Ila kusema ukweli, siku hiyo hakuna chama kilichotoka mlangoni kikiwa na kadi na bendera. Waliokutana walikuwa National Council, kundi lililoundwa mwaka wa 1903 kupinga mfalme Edward VII asikaribishwe Dublin kwa heshima. Kulikuwa na kundi lingine la Griffith, Cumann na nGaedheal, la tangu 1900. Na kule Belfast vijana wawili, Bulmer Hobson na Denis McCullough, walikuwa wameanzisha Dungannon Clubs mwaka huohuo wa 1905. Ilichukua mpaka 1907 na 1908 makundi haya kuunganishwa na kuitwa Sinn Féin rasmi. Kama unafikiri kundi lenu la mtaani linachelewa kusimama, jipe moyo. Hawa walikaa karibu miaka mitatu wakibishana.

Sasa tuingie kwenye shimo. Hao "sisi" walikuwa nani?

Mwaka wa 1904, ule wa makala za Hungaria, familia chache za Wayahudi katika mji wa Limerick zilisusiwa biashara zao baada ya mahubiri ya padri mmoja. Gazeti la Griffith liliunga mkono ususiaji huo. Wale walikuwa majirani, walilipa kodi ya nyumba Limerick, watoto wao walicheza Limerick. Hawakuhesabiwa.

Mwaka wa 1913 waajiri wa Dublin waliwafungia nje wafanyakazi wapatao 20,000 ili kuua chama chao kilichoongozwa na James Larkin. Watoto walilala njaa. Griffith alimshambulia Larkin. Kwake yeye, migomo ilikuwa inaharibu viwanda vya taifa. Kwa hivyo fundi na kuli wa bandarini walikuwa "sisi" wakati wa kupiga kura, lakini siku ya kudai mshahara wakageuka tatizo.

Na sasa hii ambayo inanihusu mimi na wewe moja kwa moja. Mwaka huohuo wa 1913 Griffith aliandika dibaji ya toleo jipya la Jail Journal, kitabu cha John Mitchel, mzalendo wa Ireland wa karne ya 19 ambaye alihamia Marekani na kutetea utumwa wa watu weusi. Wako waliokuwa wanaona aibu na msimamo huo wa Mitchel na kumtafutia visingizio. Griffith akasema hakuna haja ya visingizio. Kwake, mzalendo wa Ireland hakulazimika kumwona mtu mweusi kuwa sawa naye katika haki.

Rudia kusoma polepole. Mtu aliyelia maisha yake yote kwamba taifa lake linadharauliwa, alishika kalamu akaandika kwamba kudharau wengine si jambo la kuomba radhi. Hii haikuwa kauli ya kuteleza baada ya bia mbili. Ilikuwa kwenye dibaji, ikachapishwa.

Najua kuna msee tayari anataka kuniambia, "Wacha bana, ilikuwa zamani, kila mtu alifikiri hivyo." Hapana. Si kila mtu. Na mfano wangu unatoka katika harakati zilezile.

Roger Casement alizaliwa karibu na Dublin mwaka wa 1864. Akawa konsuli wa Uingereza, na mwaka wa 1903 akapanda mto Kongo kuchunguza yaliyokuwa yakifanywa chini ya Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji. Ripoti yake ilitoka mwaka wa 1904. Ilieleza kuhusu watu waliolazimishwa kuleta mpira, vijiji vilivyobaki vitupu, watu waliokatwa mikono. Alikaa chini akawasikiliza Wakongo wenyewe na kuandika walichosema. Mwaka huohuo alisaidia kuanzisha chama cha kudai mageuzi Kongo pamoja na mwandishi E. D. Morel. Huyu Casement alikuwa rafiki wa Hobson wa Belfast, na aliunga mkono siasa za Sinn Féin. Baadaye alimwandikia rafiki yake kwamba aliweza kuyaona mateso ya Kongo kwa sababu aliyatazama kwa macho ya watu ambao nao waliwahi kuwindwa.

Kwa hivyo mwaka mmoja, 1904, na harakati moja. Mmoja anasema tumeonewa, hivyo natambua anayeonewa. Mwingine anasema tumeonewa, hivyo tuinuke na wengine wajipange. Wote wawili wanasema "sisi wenyewe". Jina ni lilelile. Wakati ulikuwa uleule. Kilichowatenganisha ni jinsi kila mmoja alivyochora mpaka wa hilo neno.

Hiyo ndiyo sababu nasema kaulimbiu haitoshi. Jina haliwezi kukuambia kama mwenye nalo ni Griffith au ni Casement. Lazima umwangalie siku ambayo anayeumia si wa kwao.

Tuendelee, maana jina lilikuwa bado dogo. Mwaka wa 1908 Sinn Féin kilijaribu uchaguzi mdogo wa kwanza, North Leitrim, na mgombea wake Charles Dolan akashindwa. Kwa miaka kadhaa kilikuwa chama cha watu wanaosoma magazeti. Ukitaka kujua nani alikipa umaarufu, jibu ni Waingereza.

Tarehe 24 Aprili 1916, Jumatatu ya Pasaka, wanamgambo waliteka majengo katikati ya Dublin na kutangaza jamhuri. Walikuwa watu wa Irish Volunteers, wa Citizen Army ya James Connolly, na nyuma yao kundi la siri la IRB. Sinn Féin kama chama hakikupanga. Griffith hakupigana. Lakini serikali na magazeti waliyaita yote "uasi wa Sinn Féin", kwa sababu ndilo jina la ukaidi walilokuwa wamelizoea. Griffith akatupwa jela pamoja na wengine. Mwezi Mei wanaume 15 wakapigwa risasi, na Agosti Casement akanyongwa London. Idadi ikawa 16.

Watu waliokuwa wamewalaani waasi wakaanza kuwaombolezea. Na walipotafuta chama cha kuingia, jina lilikuwa tayari limetundikwa ukutani na adui. Wakaingia kwa maelfu. Oktoba 1917 Griffith akampisha Éamon de Valera kwenye uongozi, na chama kikabadilisha lengo: jamhuri kwanza, kisha wananchi wachague wenyewe aina ya serikali wanayotaka. Mfalme wa 1905 akatolewa kimyakimya.

Desemba 1918 ukaja uchaguzi mkuu. Sheria mpya ilikuwa imeongeza wapiga kura wa Ireland kutoka takriban 700,000 hadi karibu milioni 1.9. Waliongezeka wanaume wote wa kuanzia miaka 21, na kwa mara ya kwanza wanawake wengi wa zaidi ya miaka 30. Sinn Féin kilichukua viti 73 kati ya 105. Chama cha zamani kilichokuwa kimetawala siasa za Ireland kwa miongo kilibaki na viti 6 tu nchini humo. Washindi hawakwenda London. Tarehe 21 Januari 1919, wale ambao hawakuwa jela walikaa Mansion House, Dublin, wakaita mkutano wao bunge, Dáil Éireann. Ile ndoto ya Hungaria ikatimia, ila bila mfalme.

Hapo "sisi" ilikuwa pana kuliko wakati wowote. Lakini hata siku hiyo, kule Ulster kaskazini-mashariki, mamia ya maelfu ya Waprotestanti waliotaka kubaki na Uingereza walisikia jina hilo na kuelewa "nyinyi hapana". Je, walikosea tafsiri? Kisarufi, ndiyo. Kisiasa, nani alikuwa amefanya kazi ya kuwaonyesha vingine? Hobson, ambaye alitoka familia ya Quaker ya kaskazini, alijaribu. Wengi hawakujaribu.

Baadaye shimo likaanza kumeza waliomo. Desemba 1921 Griffith aliongoza ujumbe uliotia sahihi mkataba na Uingereza: nchi ijitawale, kaskazini ibaki pembeni, na wabunge wale kiapo kinachomtaja mfalme. Dáil ikaupitisha Januari 1922 kwa kura 64 dhidi ya 57. Kumbuka, wote hao 121 walikuwa Sinn Féin. Ndani ya miezi sita walikuwa wanapigana risasi. Griffith alikufa ghafla Agosti 1922, siku kumi kabla Michael Collins kuuawa.

Waliokubali mkataba waliunda chama chao mwaka wa 1923, na kutoka humo likatokea Fine Gael mwaka wa 1933. De Valera aliondoka Sinn Féin mwaka wa 1926 akaanzisha Fianna Fáil. Ukitazama vizuri, siasa za Dublin kwa karne nzima zimekuwa ugomvi wa watoto wa nyumba moja. Mwaka wa 1970 waliobaki na jina wakagawanyika tena, wawe Sinn Féin mbili. Watu wakalazimika kuzitofautisha kwa mtaa ulipo ofisi: hii ya Kevin Street, ile ya Gardiner Place. Wa Gardiner Place wakaishia kuliacha jina. Wa Kevin Street ndio tunaowajua leo. Walisimama upande wa IRA katika miaka ya vita vya kaskazini, vilivyoua watu zaidi ya 3,500, kabla ya makubaliano ya amani ya Aprili 1998. Kuna familia kule ambazo mpaka leo zikisikia jina hilo zinakumbuka jeneza. Huwezi kuwaambia wafungue kamusi.

Mwaka wa 2020 chama hicho kilipata asilimia 24.5 ya kura za chaguo la kwanza, na vijana waliochoshwa na kodi za nyumba walikuwa mbele kabisa. Fianna Fáil na Fine Gael, mahasimu tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe, wakaungana serikalini. Kwa wapiga kura hao vijana "sisi" haikuwa Hungaria wala mkataba. Ilikuwa wale wasio na keja.

Hapo kuna jambo la kusifu. Jina lililowahi kubebwa na mtu aliyeona kuwa mimi na wewe si sawa naye limeweza kupita mkononi mwake. Lilibebwa na walimu wa lugha za jioni, wanawake waliopiga kura mara ya kwanza, wapangaji wa 2020. Griffith hakulimiliki milele. Hakuna kiongozi anayemiliki "sisi" milele, na hiyo inafaa kutupa moyo.

Lakini pia jina halijisafishi lenyewe. Kila kizazi kililazimika kulijaza upya, na kila kizazi kuna mtu aliyeachwa nje akigonga.

Kwa hivyo mtu akisimama mbele yako na tisheti na wimbo, akuambie "sisi vijana", "sisi wananchi", "sisi wenyewe", usipige makofi bado. Muulize maswali matatu tu. Nani hayumo? Siku wafanyakazi watakapogoma, utakuwa upande gani? Na ukishinda, yule jirani aliyekuogopa utamwambia nini? Akijibu bila kukasirika, endelea kumsikiliza. Akikasirika, basi umeshajua hiyo "sisi" yake inaishia wapi.